Redio Iliyokohoa Kwanza

Gari la marehemu lilikuwa kuukuu, lakini redio yake ilikuwa ileile ambayo lilitoka nayo kiwandani, na mjane wake, mshona nguo, hakutaka kusikia habari ya nyingine. Watu walimcheka: redio gani hiyo, haipokei hata simu? Aliwajibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akaendelea kushona.

Ilikuwa redio ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Ukiiwasha haisemi papo hapo. Lazima vipate moto kwanza. Enzi za uhai wake, mume alikuwa akiiwasha kila Jumapili, wakae viti vya mbele wakisubiri, naye amwambie, "Inakohoa kwanza, mke wangu." Alipofariki, mjane aliendelea kukaa palepale akisubiri. Katika nyumba nzima hakuachiwa kitu alichokipenda kuliko kusubiri kule.

Juzi shemeji yake, fundi umeme wa magari, alilichukua gari arekebishe taa. Mjane alimsisitizia redio asiiguse. Shemeji akacheka, akaapa kwa kaburi la kaka yake. Haya, mwenye kuapa kaapa.

Gari liliporudi, mjane aliketi, akawasha. Redio ikadakia hapohapo, kama mmbea aliyekuwa mlangoni. Akaichungulia. Uso ulikuwa uleule, vitufe vilevile, ila matumbo ya ndani mapya, hata valvu moja hakuna.

Shemeji alikuwa bado anakusanya vifaa vyake. Mjane alimuuliza matumbo ya redio yako wapi. Akababaika, akaumauma maneno, mwisho akakiri kuwa amempa mteja mwenye gari kama lile.

"Umeniibia, shemeji."

"Sikukuibia. Kaka alinipa mwenyewe, alipokuwa mgonjwa. Alisema akishaondoka niyachukue, nikuwekee mengine nyuma ya uso uleule." Akainamisha kichwa. "Alisema hutajua tofauti."

Loo, maskini! Hasira yote aliyomwandalia shemeji ikakosa pa kushukia. Amgombeze nani, maiti? Miaka yote ile bega kwa bega, yeye akidhani wanasubiri wawili, kumbe mwenzake alimhesabu abiria tu. Ilimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Chukua na gari," alisema. "Mimi nina nguo za watu."

Akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamlilia mumewe kwa hasira.