Sahani ya Kila Mtu

Kavira alipika mara moja kwa siku. Moto ulikuwa mmoja, makaa kidogo, na sufuria zilifuatana juu ya mbabula, lile jiko la makaa, bila kuiachia nafasi ya kupoa. Maharagi aliyaloweka tangu jana yake, akayachemsha mpaka ngozi zikaanza kupasuka, kisha akaitoa sufuria ikiwa bado inatokota, akaifunga ndani ya blanketi kuukuu na kuisukuma chini ya kitanda. Humo maharagi yalimalizia kuiva yenyewe, na moto ukabaki kwa ajili ya sombe, majani ya muhogo. Ndagala, wale dagaa wakavu, hakuwapika wazima. Aliwakaanga pasipo mafuta, akawatwanga pamoja na vichwa vyao, akamwaga unga wao ndani ya sombe, ili asiwepo mtoto wa kulia kwamba mwenzake amepata samaki na yeye amepata jicho. Ukoko wa ugali uliloweshwa ukawa uji wa asubuhi.

Hakufundishwa na mtu. Alijifunza tangu barabara ya kwenda kwao Butembo ilipoharibika kwa vita, na mume wake Néhémie, mpakuaji wa malori, akaanza kurudi nyumbani mikono mitupu. Walikaa mtaa wa Shari, nyumba ya vyumba viwili, na watoto wao watatu. Walikuwa wanakula. Kushiba ni neno jingine.

Kisha akaja Angélique, dada mdogo wa Néhémie, mjane aliyelima upande wa Marabo. Kijiji chao kilivamiwa alfajiri. Alitoka na binti yake Aimée mgongoni na sufuria kichwani, na ndani ya sufuria hamkuwa na kitu.

“Karibu, wifi,” Kavira alimwambia. “Tutakula kile kiko.”

“Sitakaa sana,” Angélique alijibu.

“Nani amekuuliza utakaa siku ngapi? Nawa mikono.”

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingine za jirani, watoto walikula kwenye sinia moja na wanawake kwenye sinia yao. Néhémie alikuta chake kimefunikwa. Kavira aliona mambo mawili mapema. La kwanza, wifi yake alinawa mikono baada ya matonge machache.

“Nimeshiba.”

“Umeshiba na nini? Na upepo?”

“Tumbo yangu iko kidogo, wifi.”

La pili lilikuwa Aimée. Mtoto alimega tonge dogo, akalipuliza, akalitazama, akalipuliza tena. Wakati huo Osée, mkubwa wa Kavira, alikuwa amekwisha kuchimba upande wake wa mlima wa ugali na kuingia upande wa wenzake. Aimée alipofika tonge la tatu au la nne, sinia ilikuwa inang'aa. Kavira aliwagombeza wanawe. Walipunguza mwendo siku ile, kesho yake wakasahau. Walikuwa na njaa, na njaa haina adabu ya kudumu.

Angeweza kuacha. Lakini nywele za Aimée zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu na nyepesi kama ndevu za mahindi. Mikono yake ilikuwa vijiti, na miguu ilinenepa. Mgeni angesema mtoto ana miguu mizuri. Kavira alipomwogesha alibonyeza kidogo juu ya kisigino, na kidole kikaacha shimo ambalo halikuharakisha kujaa.

Ilikuwa bwaki, utapiamlo wa kuvimbisha mwili. Alijua jina lake, na jina lenyewe ndilo lilimfunga mdomo. Kwao watu husema bwaki ni ya mtoto ambaye mama yake alirudi kwa mwanaume kabla ya wakati wa kumwachisha ziwa. Kumtajia mjane neno hilo ni kumwuliza mwanaume alikuwa nani.

Akaenda kwa Adeline, jirani aliyekodisha vyombo vya harusi na matanga.

“Niazime sahani. Zile za zamani tu.”

“Eeh! Unafungua resto? Utapika nini mule, na hii maisha?”

“Nataka kila mutoto akule yake. Ule mudogo wa wifi anakula polepole.”

“Umupeleke ku kituo cha afya.”

“Nilipita. Pakiti za karanga za batoto wagonjwa zimeisha. Wanapima mukono, wanaandika, wanakurudisha.”

Adeline alimpa sahani za plastiki zilizopauka. “Ukiona wifi anakasirika, usinitaje,” akasema huku akicheka.

Siku hiyo Kavira alipakua mwenyewe. Alifinyanga ugali kwa kikombe kilicholoweshwa, mafungu yenye umbo moja, akaweka sombe pembeni. Sahani ya Aimée aliijaza zaidi, akaongeza kijiko cha unga wa ndagala ambao hakuutia kwenye sufuria. Hiyo nyongeza ilitoka kwenye fungu la Kavira mwenyewe. Alipomaliza alimpa kila mtu sahani yake mkononi, watoto wote, na wifi yake.

“Leo siye tuko ku hoteli!” Osée akapiga kelele. “Mama, na Fanta iko wapi?”

“Iko inakuja na ndege,” Kavira akasema. “Kula.”

“Ya Aimée iko mingi,” alisema Elodie, wa pili.

“Angalia sahani yako, si ya mwenzako.”

Angélique alipokea sahani kwa mikono miwili. Aliitazama kidogo, akala, na kwa mara ya kwanza tangu afike alimaliza chakula chote, akakusanya hata mabaki ya sombe kwa kidole. Aimée naye alipuliza matonge yake mpaka mwisho, na hakuna aliyemwibia. Kavira alijilaza siku hiyo na tumbo tupu lakini moyo umetulia. Aliona kwamba dawa imepatikana.

Akaendelea hivyo. Angélique akabadilika. Aliamka kabla ya wote kwenda kuchota maji. Alifua nguo za watu kwenye mitaa ya juu, na kila aliporudi aliweka kitu karibu na mbabula: fungu la mboga za lengalenga, chumvi ndani ya kijikaratasi, kitunguu kimoja. Hakukitoa mkono kwa mkono. Alikiweka chini, akaondoka. Alicheka kidogo kuliko zamani, lakini kila siku alimaliza sahani yake. Kavira alidhani wifi yake amekwisha kuzoea mji.

Jumapili moja, baada ya misa, alimkuta anakunja kitenge chake na kukifunga pamoja na jembe dogo lisilo na mpini.

“Unaenda wapi na hii?”

“Ku shamba. Bamama ya kwetu wanapanda camion kesho mpaka Marabo. Pale tunatembea. Karanga yangu iko mu udongo, maharagi iko, muhogo iko inapita wakati.”

“Weye uko muzima mu kichwa? Juzi tu wamerudisha bibi ya jirani Ambroise mu shuka, walimuua ku shamba!”

“Nilikuwa ku matanga yake. Nilimuona.”

“Sasa?”

Angélique alikaza fundo la kitenge. Alizungumza taratibu, bila hasira, kama mtu anayesimulia habari ya watu wengine.

“Mama yetu alipokufa, baba alioa tena. Yule mama alikuwa na batoto yake. Wale walikula ku sinia. Miye na Néhémie alitupatia kila mutu sahani yake. Néhémie hajakuambia?”

“Hapana.”

“Basi ndiyo vile. Hakutupiga hata siku moja. Hakutukana. Alikuwa anapima tu. Mutu akichoka na weye, wifi, hakuambii toka. Anakupimia.”

Kavira alikaa chini juu ya kibao cha kupikia. Aliona siku zote zile zikigeuka upande: lengalenga, chumvi, kitunguu. Mwenzake alikuwa analipa.

“Haiko vile,” alisema. “Ni sababu ya mutoto. Hawa yangu ni nzige, wanamumalizia. Nilitaka Aimée apate yake.”

“Ungefanya ya Aimée peke. Mbona na yangu?”

“Ili asijione peke yake. Na weye ulikuwa unanawa mbele ya wakati. Wifi, mutoto iko…” Akasita. Kisha akaona kwamba kunyamaza ndiko kumewafikisha pale. “Aimée iko na bwaki.”

Angélique alimwita mtoto. Akamkalisha mbele yake, akapitisha kiganja juu ya miguu, polepole, mguu mmoja kisha wa pili. Akabonyeza. Akatazama alichokifanya kidole chake.

“Nilifikiri anajaa,” akasema. “Nilisema ni chakula ya kwako inamuingia.” Akamruhusu mtoto aende kucheza. “Uliona tangu lini?”

“Tangu mulifika.”

“Na ukanyamaza.”

“Ningesema aje? Unajua mambo batu wanasema juu ya mama.”

“Na weye unaamini?”

Kavira alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. Alikwisha kujiuliza jambo hilo usiku, na hakuwa amepata jibu. Sasa alilitafuta jibu la kweli, na katika kulitafuta akachelewa. Kuchelewa kule kulitosha.

“Sawa,” alisema Angélique.

“Wifi, hapana, ngoja nimalize—”

“Sikasirike. Kweli sikasirike. Niambie tu kitu moja. Ile inazidi mu sahani ya Aimée, inatoka wapi?”

Kavira alivuta nguo yake ikafunika mifupa ya mabega.

“Inatoka mu yako. Njo sababu umekonda vile. Basi weye unalala na njaa, mutoto yangu anavimba, na karanga yangu panya wanakula. Nikae hapa nifanye nini? Nihesabu sahani?”

Néhémie aliporudi jioni alisema maneno ambayo kaka anapaswa kusema. Alimkataza, akamwomba, akamkataza tena. Angélique alicheka, cheko lake la zamani.

“Yaya, kaka yangu, sawa. Nipatie gunia moja ya maharagi, nabaki.”

Néhémie alitazama mikono yake. Hakuwa na gunia, na wote watatu walijua.

Asubuhi Angélique alimwacha Aimée amelala. Pale mlangoni Kavira alimshika mkono. “Leo nitapakua ku sinia. Rudi, utaona.”

“Usipakue ku sinia,” alisema Angélique. “Watamumalizia.”

Akaenda.

Siku kadhaa zikapita, kisha wanawake wa lile kundi wakarudi. Mmoja wao alifika Shari akiwa na mfuko mdogo, karanga upande mmoja na maharagi upande mwingine, umefungwa kwa uzi wa gome la mti.

“Ni ya Mama Aimée. Yeye amebaki. Anasema muhogo ni mingi, atakuja na wale wa posho.”

“Mulimuacha peke yake?”

“Siye tulimuvuta, mama. Alikataa. Alisema akirudi, arudi na ya kutosha.”

Kavira hakungoja. Alikaanga karanga, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta, akazitia kwenye uji. Aimée alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kavira alimpa. Siku ya posho, yaani Jumamosi, alisimama kando ya barabara mpaka lori la mwisho likapita. Walishuka watu wenye magunia na kuku. Angélique hakushuka.

Habari zilifika baada ya misa ya kesho yake. Kulikuwa na risasi kule mashambani. Néhémie aliondoka na wanaume wengine wa kwao, wakifuatana na askari mpaka pale askari walipokubali kufika. Alirudi na kitenge na jembe. Walimkuta Angélique kwenye njia ya kutoka shambani, mzigo wa muhogo bado umefungwa mgongoni. Walimzika palepale, maana jua lilikuwa linazama na askari walikuwa wanawaharakisha.

Néhémie aliyasema hayo akiwa amesimama. Halafu aliketi.

“Mulizungumza nini, siku ile?” akamwuliza mkewe.

Kavira alimweleza yote: sinia, sahani, bwaki, lile swali, na namna alivyochelewa. Hakujipunguzia wala hakujizidishia.

“Zile sahani niliziona,” Néhémie akasema. “Nilikumbuka yule mama. Nikasema, hapana, hawa ni bamama wawili, wamepatana.”

Kavira hakujua kama alikuwa anamlaumu yeye au anajilaumu mwenyewe. Huenda hata yeye Néhémie hakujua.

Matanga yalifanyika uani. Akina mama wa shirika lao la kanisani walileta unga, mchele, mafuta ya mawese, na mtu mmoja wa kwao alitoa mbuzi. Kwa miezi mingi nyumba ile haikuwa imenukia nyama. Moto uliwashwa chini ya vyungu vikubwa, kuni zikaachwa ziungue bila mtu wa kuzipunguza. Chakula kikamwagwa kwenye sinia pana, na watoto wa mtaa wote wakazizunguka, kiwiko kwa kiwiko, wakicheka kwa sauti ya chini kwa sababu walikuwa wameambiwa kuna msiba.

Aimée alisukumwa mpaka ukingoni. Watu walikuwa wamemwambia kuhusu mama yake, na alikuwa ameitikia ndiyo. Sasa alikuwa ananyoosha mkono katikati ya mikono mingine na kuurudisha bila kitu.

Kavira aliinuka mkekani, mahali ambapo mfiwa anatakiwa kukaa. Akapita katikati ya wanawake, akamshika mtoto mkono, akaketi naye chini ukutani, na bakuli mapajani.

“Ona, sasa anamulisha,” sauti moja ilisema nyuma yake.

“Njo yule mwenye sahani?”

“Njo yeye. Alimuhesabia mwenzake mpaka akamukimbiza.”

“Nyamazeni,” Adeline akasema. “Hamujui kitu.”

“Tunajua. Watoto yake wenyewe walisema.”

Kavira alisikia kila neno. Hakugeuka. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalipoza kwa pumzi yake, akalipeleka kinywani mwa mtoto. Aimée alitafuna. Akamkatia nyama. Mtoto akaizungusha ndani ya shavu muda mrefu, kisha akaitoa kwenye kiganja.

“Iko nguvu,” alisema.

Kavira akaichukua, akaitafuna yeye kwanza mpaka ikalainika, akamrudishia. Aimée akameza, akafungua kinywa tena.