Mrija Mmoja, Mama Wawili

Kule Muheto mahari haijakamilika mpaka mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi wavute kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja. Mmoja akikataa, pombe inamwagwa na ndoa inakufa. Ndiyo maana Epiphanie, mama wa Déo bwana harusi, alifika kwa Thacienne, mama wa bibi harusi Elodie, asubuhi ya sherehe na vidonge mkononi.

"Mama Elodie, meza hii mbili sasa. Utaacha kujikuna, bantu watasema umepona."

Thacienne alivijua vidonge hivyo. Muuguzi alimpa vya aina hiyohiyo akamweleza wazi: psoriasis, ugonjwa wake wa ngozi, haiambukizi, madoa yanatulizwa na mafuta ya kupaka, kidonge ni cha usiku, kumletea usingizi mwasho unapomnyima, na kisikutane na pombe. Epiphanie hakuwahi kumuuliza muuguzi lolote. Kwake yeye asiyejikuna ni mzima, basi hata mbuzi aliyefungwa mdomo ameshiba.

"Nikimeza, sitaweza kukunywa na weye."

"Njo vizuri! Tutasema uko na malaria, mgonjwa hahesabiwi amekataa. Dada yako atakunywa pahali pako."

Kumbe! Thacienne akacheka. Mwanamke huyu, anayepenga kamasi kwenye kitenge kilekile anachofutia vikombe, anaogopa ngozi yake! Nyani haoni kundule. Angemfukuza palepale, ila Elodie alikuwa mlangoni, amesikia yote, machozi yanamlengalenga. Thacienne akavifunga vidonge kwenye pindo la kitenge chake.

Wageni walipokaa, mtungi ukawekwa katikati, na mwasho ukaanza kwenye viwiko. Thacienne hakuuficha. Alijikuna taratibu mbele ya koo zote mbili, magamba meupe yakadondokea mapajani, kisha akainama akavuta kasiksi kwa kituo. Akamnyooshea Epiphanie mrija.

Epiphanie akautazama kama mkia wa nyoka. Elodie akajifunika uso.

Thacienne akafungua pindo, akaviweka vidonge kwenye kiganja cha mwenzake.

"Meza weye, Mama Déo. Mimi ngozi njo inaniwasha. Weye woga njo inakuwasha."

Mtu mmoja akaguna, wengine wakaanza kucheka. Déo hakucheka. Alimtazama mama yake kwa aibu ambayo Epiphanie hakuwahi kuiona machoni mwa mwanawe.

"Mama, kunywa."

Epiphanie akafumba macho, akanywa. Vigelegele vikapaa, Elodie akalia waziwazi, na Thacienne akaendelea kujikuna.