Futi ya Kunyolea

Nilipoposwa, baba yangu, mzee Bura, hakusema hapana. Angesema hapana tungegombana, maana mimi Fransiska mdomo wangu hauna breki. Alisema neno baya kuliko hapana. Alisema, "Huyo mwalimu wako aje Jumapili baada ya misa nimpe jibu, lakini aje bila ndevu. Mtu anayeficha kidevu anaficha na mengine."

Ebo! Na ndevu zake yeye mwenyewe zilikuwa zinafika kifungo cha pili cha shati!

Hilary alikuwa mwalimu wa darasa la nne pale kwetu Gendabi. Mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, na ndevu za kutosha wanaume wawili. Nilimpenda mpaka nikawa najikwaa njiani kwa kumfikiria. Kumnyoa ingekuwa kazi ya nusu saa, ila mwaka ule wa sabini na nne nyembe zilikuwa zimeadimika. Nilishuka Katesh siku ya mnada, nikauliza duka moja baada ya jingine. Wakaniambia wana chumvi, viberiti na subira.

Niliporudi, Hilary akafungua sanduku lake, akatoa wembe mrefu wa kukunja wa marehemu babu yake, ambaye zamani alikuwa akiwanyoa mapadre misheni. Ulikuwa butu, hata ugali usingekata. Pamoja nao akatoa kidude cha shaba, cha mviringo, kinaenea kiganjani.

"Hiki ndicho cha kuunolea," akasema. "Ndani kuna ukanda wa ngozi. Unauvuta, unanolea wembe juu yake, ukiuachia unarudi wenyewe ndani. Lakini siku hizi hauvutiki."

Nikauvuta kwa meno. Ukatoka kidogo, mgumu kama kwato, ukakwama hapohapo. Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Hilary alikata tamaa. Mimi nilicheka. Ngozi! Mtu ananiletea mimi tatizo la ngozi! Bibi yangu alinifundisha kulainisha ngozi za sketi zetu za shanga kabla sijajua kusoma. Kila jioni nikawa nakwenda kwa Mama Nikolausi, jirani yetu aliyempangisha Hilary chumba, tunakaa uani mbele ya macho ya watu, tunafanya kazi.

Siku ya kwanza tulifungua kile kidude. Hilary alilegeza skrubu ya mwisho, na springi iliyokuwa imejikunja mle ndani ikaruka nje, fyaa! Ikampiga kwenye paji la uso, kuku wakatawanyika, Mama Nikolausi akaangusha sufuria. Tukaiosha kutu kwa mafuta ya taa. Kuirudisha ndani sasa! Yeye anashika, mimi nazungusha, inatuponyoka. Tunaanza tena, inatuponyoka. Mara ya nne ikakubali, nasi tulikuwa tumelegea kwa kicheko.

Ukanda niliufuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni, nikauanika kivulini, kisha nikaupaka mafuta ya mkia wa kondoo. Nikapaka mengi kupita kiasi kwa pupa yangu, na mafuta yakizidi wembe unateleza tu, haunoleki. Ikabidi niyakamue kwa kusugua na jiwe laini la mtoni mpaka vidole vikawaka moto. Pale ulipokatika kwenye springi nikaushona upya kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe, mishono midogomidogo.

Ijumaa jioni nikauvuta. Ukatoka taratibu, mweusi, unang'aa. Nikauachia. Fyaap! Ukaingia wote.

Jamani, raha ile! Tukauvuta na kuuachia mara thelathini, kama watoto. Kumbe Mama Nikolausi alikuwa anachungulia. Na mwaka ule ndio tulikuwa tunahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wapimaji wanapita na futi zao zinazojikunja ndani ya kasha, na mtu ukiona futi mbele ya nyumba yako ujue unahama. Naye hakuuliza kitu, alikwenda moja kwa moja kumwambia baba.

Jumamosi asubuhi Hilary alikaa uani kwenye kigoda, povu usoni, nami nikaunoa wembe na kuanza. Nilikuwa nimemaliza shavu la kulia, laini ajabu, baba alipoingia na fimbo. Mama alikuwa nyuma yake, anakimbia, anamshika koti.

Hilary akasimama, nusu uso una ndevu na povu, nusu hauna. "Shikamoo mzee!"

Baba alikuwa amefura kwa hasira, lakini salamu ni salamu. "Marahaba!" akafoka. "Kumbe wewe si mwalimu, wewe ni mpimaji! Nimeambiwa una futi ya serikali! Haya, sema, unaanzia kupima wapi kwangu? Mtoni au zizini?"

Maskini Hilary hakuelewa hata neno moja. Akajishika uso. "Nimebakiza shavu la kushoto tu, mzee."

Mimi nilishindwa. Nilicheka mpaka nikapiga magoti, nikauvuta ukanda mbele ya baba, nikapitisha wembe juu yake, nikauachia. Fyaap! Baba akaruka nyuma. Akaangalia kidude, akaangalia lile shavu, akaangalia lile povu. Tumbo lake likaanza kucheza, kisha na yeye akaangua kicheko, fimbo ikamtoka mkononi.

"Nipishe kwenye hicho kigoda," akamwambia Hilary. "Aninyoe mimi kwanza nione."

Nikamnyoa baba yangu. Nilinoa, nikanyoa, nikanoa tena. Yeye alifumba macho, ametulia, shingo yake yote mikononi mwangu. Nilipomaliza kidevu mama akajiziba mdomo kwa kanga. "Loo! Miaka ishirini na mitatu nakipikia kidevu hiki bila kukiona!"

Sote tukacheka, isipokuwa baba. Alikuwa anajipapasa usoni polepole.

"Hii kazi umeifanya vizuri," akasema. "Sasa ukiolewa na huyu, serikali ikimrudisha kwao Bukoba, mimi nitanyolewa na nani?"

Hapo nikaelewa ni nini kilichokuwa kinamuuma siku zote zile. Nilimtazama Hilary. Angeweza kumdanganya mzee, lakini yeye hajui kudanganya.

"Wakinihamisha tutakwenda, mzee," akasema.

Baba akainama, akaiokota fimbo yake. Nilisikia roho yangu inashuka mpaka kwenye visigino. Kisha akamwita mama kwa kidole, akamsogeza karibu na kigoda.

"Basi, Fransiska," akasema, "kabla hujaenda, mfundishe mama yako."

Nikamrukia baba, nikamkumbatia na povu lake lote.