Ramani Iliyogoma Kufunguka

Hellevi Tikkanen alikuwa amepima ardhi za watu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna jiwe la mpaka lililowahi kumjibu jeuri. Kompyuta yake ilimjibu Alhamisi moja ya Septemba, saa tatu kasorobo asubuhi, kikombe cha kwanza cha kahawa kikiwa bado kinafuka moshi.

"Faili hili limetengenezwa kwa toleo jipya zaidi la programu hii," skrini iliandika. "Tafadhali sasisha."

Hellevi akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akasoma tena. Kusasisha? Alisasisha jana yake tu! Kompyuta yenyewe ndiyo iliyomwambia, kwa adabu zote, kwamba kuna vifurushi vya programu sitini na tatu vinavyosubiri, naye akabonyeza "ndiyo" kama raia mwema. Ramani yake ilifunguka vizuri Jumanne, kabla ya wema huo. Sasa ugonjwa ulikuja baada ya dawa, na daktari alikuwa anamwandikia dawa ile ile.

Faili lenyewe lilikuwa ramani ya msitu wa Kuikkalampi. Jumapili watu mia moja na tisini wangeingia msituni humo mbio, kila mmoja na ramani mkononi na dira kidoleni, kutafuta vituo vilivyofichwa. Hellevi alikuwa ameutembea msitu huo tangu Mei. Alihesabu majabali, mabwawa, vichuguu vya siafu na mashina yaliyoanguka, akaumwa na mbu wa kutosha kijiji kizima. Kiwanda cha uchapaji cha Joensuu kilitaka ramani ifike kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo, walimwandikia, mitambo ina kazi za watu wengine.

Akampigia simu Ensio.

Ensio Karvinen alikuwa mume wa mdogo wake, Marketta. Alistaafu kazi ya nyaya za simu, na tangu siku hiyo alijipa kazi ya kueneza mfumo huria wa kompyuta, ule usiokuwa na kampuni wala bei, katika mji mzima wa Nurmes. Aliuingiza kwa kinyozi. Akauingiza kwa mchungaji. Akauingiza kwa mama mkwe wake, ambaye tangu hapo huandika barua zake zote kwa mkono.

Alifika baada ya dakika kumi na mbili, begi la nyaya mgongoni, anapiga mluzi.

"Umegusa nini, shemeji?"

"Nimegusa kitufe cha kuwashia."

"Wote husema hivyo." Akavuta kiti, akaalisha vidole kimoja kimoja kama mpiga kinanda. "Lakini usihofu. Uzuri wa mfumo wetu ni meneja wa vifurushi. Wale wengine wanazurura mtandaoni kuokota programu kama uyoga, hawajui upi una sumu. Sisi tunamwambia meneja tu: lete hii, toa ile. Analeta, anapanga, anasasisha. Hakuna kitu humu ndani asichokijua."

"Basi muulize kwa nini ramani yangu haifunguki."

"Haulizwi maswali ya namna hiyo."

"Ndivyo walivyo mameneja," alisema Hellevi, akaenda kuongeza kahawa.

Ensio akafungua dirisha jeusi la amri, akamwagiza meneja aiondoe programu ya ramani, kisha airudishe. Meneja akafanya kwa sekunde ishirini, akatoa taarifa safi: programu imo, toleo la tisa, hakuna hitilafu. Ensio akabonyeza aikoni kwa mbwembwe.

Faili hili limetengenezwa kwa toleo jipya zaidi la programu hii.

"Ahaa," alisema Ensio, kwa sauti ya mtu ambaye hajaona chochote.

Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akaondoa tena, akarudisha tena. Mara ya tatu aliongeza maneno makali kwenye amri yake, ya kumlazimisha meneja afute hadi makombo, na meneja akafuta hadi makombo, akarudisha, akatoa taarifa ile ile safi. Aikoni ikatoa jibu lile lile. Ensio akasema kosa ni la faili, limehifadhiwa vibaya. Halafu akasema kosa ni la mtandao. Halafu akaanza kumsema mtu asiyemjua kwa jina wala sura, yule anayeandaa kifurushi hicho huko aliko, ambaye kwa maoni yake alistahili kufukuzwa kazi.

"Analipwa?" Hellevi aliuliza.

"Hapana. Anajitolea."

"Sasa atafukuzwaje?"

Simu ikalia. Alikuwa Marketta.

"Dada, huyo mtu wangu yuko huko?"

"Yuko."

"Bado anapiga mluzi?"

Hellevi akasikiliza. "Ameacha."

"Mtoe kwenye kibodi! Mluzi ukikatika, ndipo anapoanza kufuta."

Hellevi alirudi chumbani akamkuta Ensio amenyanyua kichwa, macho yanang'aa kwa wazo jipya.

"Shemeji, nimepata. Tunafuta kila kitu. Kompyuta nzima. Tunaanza upya, safi kabisa. Saa mbili tu, labda tatu."

"Ramani inatakiwa saa nane. Sasa ni saa tano."

"Ndiyo maana nasema tuanze sasa hivi."

Hellevi hakubishana. Alinyanyua kibodi kutoka mbele yake kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akaiweka upande wake wa meza, na mahali ilipokuwa akamwekea Ensio sahani ya mikate ya iliki. Ensio akaula wa kwanza kwa uchungu.

Hellevi akaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo ule. Akaeleza shida yake kama alivyokuwa akiandika ripoti za mipaka: nini kimetokea, lini, na nini kimeshafanywa. Majibu yakaja upesi, maana watu wa jukwaa hilo wana muda.

Wa kwanza akaandika: "Kwangu inafanya kazi." Hakuongeza neno. Alikuwa amekuja kutangaza afya yake.

Wa pili akauliza kama amesoma mwongozo. Wa tatu akasema shida ni kwamba anatumia mfumo wa aina hiyo. Angetumia aina anayotumia yeye, yasingemkuta. Wa nne akamjibu wa tatu kwamba aina yake ni takataka. Wa tatu akaudhika. Mpaka saa sita kasorobo walikuwa wamerushiana jumbe thelathini na saba, na hakuna hata mmoja uliotaja ramani.

"Watu wazuri hawa," alisema Hellevi. "Wamejaa msaada."

"Yule wa nne ana hoja," alisema Ensio, mdomo umejaa mkate.

Kisha, chini kabisa ya vita ile, akatokea mwanamke wa Rauma aliyejiita Pihla. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mama, ukifungua programu yenyewe bila ramani, nenda kwenye menyu, bonyeza 'Kuhusu'. Inakuonyesha toleo la ngapi?"

Hellevi akafungua. Akabonyeza. Akainamia skrini.

"Ensio, meneja wako amesema tumeweka toleo la ngapi?"

"La tisa. Amesema mara tatu."

"Programu inasema ni la sita."

Ensio akaacha kutafuna.

Hellevi alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu astaafu. Kiwanja kimoja, hati mbili! Kesi za namna hiyo alizishughulikia maisha yake yote, na mwisho wake ulikuwa ule ule siku zote: hakuna hati iliyodanganya, isipokuwa kila moja ilizungumzia kipande chake cha ardhi. Akamwandikia Pihla: "Meneja anasema la tisa, programu inasema la sita. Inawezekana ziko mbili?"

"Nami nawaza hivyo hivyo," Pihla alijibu, akamtumia amri fupi ya kuiuliza kompyuta itaje kila programu iliyomo yenye jina hilo na mahali inapokaa.

Ikatoka mistari miwili. Ziko mbili.

Pihla akafafanua bila kujigamba. Ile ya pili ndiyo ya meneja, toleo la tisa, haina tatizo lolote. Ile ya kwanza inakaa kwenye folda ya vitu vilivyowekwa kwa mkono, ambavyo meneja havihesabu, havioni, na wala hana habari navyo. Zamani aikoni ilikuwa na anwani kamili ya programu ya meneja, kwa hiyo haikupotea njia. Sasisho la jana lilileta aikoni mpya inayoita jina tu. Kompyuta ikisikia jina inapita folda moja baada ya nyingine, na anayeitikia kwanza ndiye anayefunguliwa. Folda ya mikono inapitiwa kwanza.

"Mnaweza kusakinisha ile ya meneja hadi Krismasi," Pihla alimalizia, "hamtaifungua. Kuna mtu aliijenga hiyo ya kwanza mwenyewe. Unamjua?"

Hellevi akageuza kiti taratibu. Ensio alikuwa akichunguza punje za sukari kwenye sahani.

"Hakuna kitu humu ndani asichokijua," alisema Hellevi.

"Ile niliifuta."

"Ina tarehe, Ensio. Tarehe tisa Februari, elfu mbili na kumi na tisa."

"Nilikusudia kuifuta."

Hellevi alikuwa na sentensi nyingine tayari, kali, yenye jina la mama mkwe ndani yake. Lakini tarehe ile ilimzuia. Februari ya mwaka huo Kauko, mume wake, alikuwa na wiki tano kaburini. Theluji ilifika kwenye vioo vya madirisha na Hellevi hakuwa na sababu ya kuizoa. Ensio alikuja Jumamosi tatu mfululizo. Hakuleta maua wala hakutaja msiba. Alikaa hapo hapo alipokaa leo, akaijenga programu ya ramani kutoka kwenye maandishi yake ghafi, kwa sababu siku hizo meneja hakuwa nayo, akilaani kimoyomoyo na kwa sauti. Jumamosi ya tatu alisema, "Haya, inafunguka. Chora chochote, shemeji. Chora ua wa nyumba yako." Hellevi alichora ua. Halafu barabara. Mwezi wa nne alitoka nje kwenda kuangalia kama mto uko pale alipouchora.

Aliimeza ile sentensi. Haikushuka vizuri.

"Tuihamishe tu," alisema. "Tuiweke folda nyingine."

"Kwa nini?"

"Uliijenga wewe."

"Ndiyo maana najua ilivyo," alisema Ensio. "Ilikuwa inagoma ukichora bwawa lenye pembe zaidi ya arobaini. Sikukwambia. Iondoe."

"Iondoe wewe, basi. Mimi nasoma herufi."

Akamrudishia kibodi. Ensio akaandika polepole, na Hellevi akafuata kila herufi kwa ncha ya kalamu kwenye skrini, kama alivyokuwa akihakiki namba na wenzake zamani kazini, mmoja anasoma na mwingine anatia tiki. Mara mbili alimsimamisha. Mara ya pili ilikuwa nafasi moja iliyozidi, ambayo, Ensio alikiri baada ya kuitazama, ingefuta folda nzima. Wakaisahihisha. Akabonyeza.

Hellevi akabonyeza aikoni mwenyewe.

Kuikkalampi ikafunguka yote: msitu mweupe, mabwawa ya mistari ya buluu, majabali madogo meusi mia mbili na kumi na moja, kila moja mahali pake. Alilikagua bonde la kaskazini, akasahihisha njia moja iliyokuwa imemkera tangu Jumatatu, na saa saba na dakika kumi akaituma Joensuu. Kiwanda kikajibu kwa neno moja: "Imefika." Aliona ni ukarimu, ukilinganisha na jukwaa.

Alimshukuru Pihla kwa mistari minne, ambayo kwa Hellevi ni hotuba. Jioni, alipopita tena jukwaani, alikuta Ensio ameshaandika chini ya swali lake: "Tatizo limetatuliwa. Baada ya uchunguzi wa kina tuligundua mgongano wa nakala mbili." Maelezo yalikuwa marefu, yenye vichwa vya habari. Hayakusema nakala ya kwanza ilitoka wapi. Watu kumi na wanne walikuwa wamemshukuru, akiwemo yule ambaye kwake inafanya kazi. Hellevi akaacha kama ilivyo.

Jumamosi walikwenda msituni wawili kuweka vituo. Hellevi alitangulia na ramani mpya, wino wake bado unanuka. Ensio alifuata na furushi la bendera, akimweleza jinsi folda zinavyopangana, kwa kirefu na kwa mikono, kana kwamba Hellevi hakuwepo Alhamisi. Alimwacha aseme. Baada ya kituo cha nane alimwambia apite kulia. Ensio alikuwa katikati ya hoja, akapita kushoto, akazama hadi magotini.

"Hili bwawa halipo!" alipiga kelele.

"Lina pembe arobaini na tatu," alisema Hellevi. Akamshika mkanda wa begi, akamvuta mpaka buti zote mbili zikatoka, akamsubiri amwage maji, kisha wakaendelea kwenda kituo cha tisa.