Vumbi la Mkaa Lilimkimbia Selina

Mtungi wa gesi wa Mama Odeta uliibwa Jumanne mchana, na Jumatano asubuhi wapangaji wote tulishakuwa wezi. Mama Odeta ndiye mwenye nyumba hapa Igoma. Polisi hakuwataka. Akamleta mtaalamu kutoka Buhongwa, mzee Shimba, shati jeupe, beseni lake ndani ya mfuko wa salfeti.

Mzee akajaza maji, akanyunyiza vumbi laini la mkaa mpaka juu pakawa peusi.

"Kila mmoja achovye kidole. Vumbi likimkimbia mtu, mwizi ni huyo. Anahama leo leo."

Nani angekataa? Ukikataa ni wewe. Nathaniel seremala akachovya, vumbi likatulia. Mimi nauza mitumba na najua siri za nyumba hii kuliko kuta zake. Nikachovya, likatulia. Queen wa vitenge naye salama.

"Selina, zamu yako!"

Selina hufua nguo za watu. Tangu alfajiri alikuwa kona ya uani na shuka za gesti. Akaja, akajifuta mikono kwenye khanga juu juu tu, akagusa maji. Nyie! Vumbi lilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, likajibana ukingoni, katikati pakabaki peupe.

"Nilijua!" Mama Odeta akapiga makofi. "Mkimya hivi, kumbe! Funga virago."

Selina ni mjane, ana mabinti wawili shuleni, na chumba kile kakaa miaka tisa. Nilidhani atalia.

"Sihami," akasema.

"Maji yamesema!"

"Yaseme tena. Nitachovya mpaka mchoke, ila kutoka sitoki."

Hapo ndipo nikaona povu kwenye kiwiko chake. Jamani, si mimi huyu huyu ninayeosha sufuria kila siku? Tone la sabuni likiangukia maji yenye mafuta, mafuta yanakimbilia pembeni. Hakuna mwanamke asiyeliona hilo.

"Mzee Shimba," nikasema, "tunaomba maji mapya."

"Maji ya kazi hayamwagwi."

"Yanamwagwa. Bomba lile pale."

Nikamwaga mwenyewe. Nikakinga mengine, nikanyunyiza vumbi lile lile la mzee. Selina akanawa bombani mara tatu, tunamwangalia wote, akarudi, akachovya. Vumbi halikucheza.

Kisha nikasugua kidole changu kwenye kipande cha sabuni cha Selina, nikagusa maji. Likatimka lote!

"Haya, mwizi mimi. Nihamisheni!"

"Na mimi nataka kuwa mwizi!" Queen akadakia, kashika sabuni tayari. "Lete maji mengine!"

Wanawake wakajipanga. Kila mmoja na maji yake mapya, kila mmoja vumbi likimkimbia, uani kukawa matope na vicheko. Hata wa nyumba ya jirani walikuja kuwa wezi.

"Mnachezea dawa!" mzee Shimba akafoka.

"Dawa gani, baba?" Selina akamjibu. "Sabuni ya mche hii, nimenunua dukani kwa Abubakary."

Akakinga maji mwenyewe, akanyunyiza vumbi, akampelekea Mama Odeta beseni na sabuni.

"Mama mwenye nyumba, bado wewe."

"Mimi? Nijiibie mtungi wangu?"

"Chovya."

"Chovya! Chovya!" uani kote.

Akasugua kidole kwenye sabuni, akachovya. Vumbi likamkimbia mpaka ukingoni.

"Basi," Selina akasema, "tuhame wote au tukae wote." Akarudi kwenye shuka zake. Mzee Shimba hata beseni hakulikausha. Alilitia kwenye mfuko likichuruzika, akaondoka.

Mtungi haujaonekana hadi leo. Jana Mama Odeta kanivuta pembeni: eti nimwambie Selina yaishe, alipitiwa tu. Nikaufikisha ujumbe.

"Aliniita mwizi uani, mbele za watu," Selina akasema, anakamua suruali. "Aje aseme uani, mbele za watu."

Jumapili watu wote wanakuwepo. Mimi nimeshaanza kuazima viti.