Friza Haiuzwi

Watu wananisingizia hasira za karibu. Hasira zangu ni za mbali, zinachukua miaka kufika. Jumamosi ile zilipofika zilinikuta nimekaa juu ya friza ya mama, miguu inaning'inia, na mwenye mkokoteni amesimama mlangoni ananitazama kama mtu aliyekuta mbuzi juu ya gari lake.

"Dada, naomba ushuke nipakie mzigo."

"Mzigo gani?"

"Huo uliokalia."

"Hii ni friza ya mama yangu, na haiuzwi."

"Mbona kaka yako kasema inauzwa?"

"Basi mpakie kaka yangu."

Nieleze tulifikaje huko. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni chumba cha gemu. Kuna runinga tatu, mabenchi mawili, pazia zito la kuzuia jua, na baba kwenye kona yake na bisibisi zake, anafungua pedi za kuchezea gemu ambazo vijana wamezibonyeza mpaka vitufe vimelegea. Mtaa mzima unamwita Fundi. Sheria ya chumba ni moja, ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: ALIYEFUNGWA ANAPISHA. Uwe mkubwa, uwe mtoto wa nani, ukifungwa unainuka na mwenzako anakaa. Ndiyo maana kwetu hakujawahi kupigwa ngumi.

Sheria yake ya pili hakuiandika popote. Kipya usikikimbilie, kiache kipoe. Mashine ya gemu ikitoka, wenye haraka zao wanainunua ikiwa ya moto; wewe unatulia miaka miwili mitatu, bei inashuka, unajinunulia kwa raha zako. Subira huvuta heri, alikuwa akituambia, na kwa kweli mara tatu ilivuta. Ila kila mashine mpya, hata ikishapoa, ilikuwa ghali kuliko ile iliyoitangulia, na kila mara kitu kilitoka ndani ya nyumba ili yenyewe iingie. Ya kwanza iliondoka na baiskeli. Ya pili ikaondoka na cherehani. Ya tatu ikaondoka na makochi yote, na mpaka leo mgeni akija kwetu tunamkalisha kwenye benchi la gemu.

Ikatoka ya nne, nasi tukakaa kuisubiri ipoe. Kaka yangu, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu hajawahi kushika ufagio, ndiye aliyekuwa akichungulia bei kwenye simu. Mwaka wa kwanza haikushuka, tukasema bado mapema. Mwaka wa pili haikushuka, tukasema ina kiburi. Mwaka wa tatu Meneja akaingia jikoni uso umemsawijika.

"Imepanda," akasema.

Baba aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. "Hii ni mashine nyingine."

"Ni ileile, baba. Haijaongezwa hata msumari."

"Kitu kinazeeka halafu kinapanda bei?"

"Ndiyo mambo ya siku hizi."

"Mbona mimi nazeeka na bei yangu haipandi?" Baba alicheka peke yake, halafu akamrudishia simu. Nilimwonea huruma. Nikawakasirikia watu nisiowajua, wanaokaa huko mbali na kupanga bei bila habari kwamba kuna mzee anaitwa Fundi amewasubiri kwa adabu miaka mitatu.

Kusubiri huko kulikuwa kumeshatugharimu. Barabarani kuna jamaa mwenye chumba cha gemu kama chetu, tunayemwita Kioo, kwa ajili ya mlango wake wa kioo. Yeye alinunua mashine mbili za aina hiyo zikiwa za moto, na wateja wetu wenye hela walikuwa wamehamia kwake wote.

"Tusiponunua sasa, mwakani itapanda tena, na chumba tutafunga," Meneja akasema. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililoniudhi. "Kimebaki kitu kimoja tu cha kuuza."

Macho yake yakatua kwenye friza iliyo karibu na mlango wa nje. Mama aliinunua mwenyewe, kwa kufua nguo za watu baada ya cherehani kuondoka. Anagandisha juisi humo, anauza barafu na maji baridi, anawahifadhia majirani nyama. Ndiyo pesa pekee ndani ya nyumba ile ambayo haombi kwa mtu. Mama alijibu anavyojibu siku zote. "Kama ni kwa faida ya wote, sawa." Akaendelea kuisugua sufuria, na sufuria yenyewe ilikuwa imeshatakata zamani.

Niliondoka jikoni kwa sababu ningebaki ningesema neno. Nikaenda kufagia chumba cha gemu, na ufagio ukiwa chini ya benchi ndipo akili ilipofunguka. Baiskeli ile ni mama aliyekuwa akiipanda kwenda sokoni. Cherehani ilikuwa ya mama. Makochi alipewa mama na dada zake siku alipoolewa. Bisibisi za baba zote zipo. Simu ya Meneja ipo, tena mpya. Mashine tatu zimeingia ndani, na zote zimelipwa na mtu mmoja, mtu ambaye hajawahi hata kushika pedi.

Basi mwenye mkokoteni alipokuja Jumamosi, alinikuta juu.

Meneja alitoka ndani mbio, kandambili mguu mmoja. "We, shuka! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Wakichoka, mabenchi yapo."

"Unaturudisha nyuma!"

"Nyuma kuna baiskeli na cherehani. Turudi tu."

Mwenye mkokoteni akacheka, akaketi juu ya mkokoteni wake kuona mwisho. Baba naye akatoka, bisibisi sikioni, sauti yake ya upole, ile inayonishindaga siku zote.

"Shuka, mwanangu. Mama yako tutamnunulia nyingine, bei zikipoa."

"Hazipoi, baba."

Sikusema kwa ukali, lakini nilimwona akinywea kama nimempiga. Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Iliniuma, na bado sikushuka.

Hapo mama akaja, anafuta mikono kwenye kanga. Akanitazama pale juu.

"Shuka," akasema.

Ningebishana na Meneja mpaka jua lizame, na hata na baba. Lakini friza ni ya mama, na mwenye mali akishakubali, mimi ni nani? Nikateremka, machozi yananilenga, nikakaa kando nipishe njia.

Mama akaushika ukingo wa friza kwa mikono miwili. Yeye ni mfupi. Alijaribu mara ya kwanza akateleza, mara ya pili akajipandisha, akajigeuza, akakaa palepale nilipokuwa nimekaa mimi.

"Kumbe huku juu pana baridi," akasema.

Mama akamgeukia mwenye mkokoteni. "Baba, pole kwa usumbufu. Friza haiuzwi. Ningekupa barafu uondoke nazo, ila zimo humu nilipokalia, na mimi sishuki."

"Mama, tulishakubaliana jikoni," Meneja akasema. "Chumba kitakufa!"

"Kikifa, kife kwa kukosa wateja. Kisiishi kwa kunila mimi."

"Sasa tutapata wapi hela?"

"Uza simu."

Meneja aliisukuma simu mfukoni haraka, utadhani mama angeirukia kutoka kule juu. Mwenye mkokoteni alicheka mpaka akashika mbavu, akageuza mkokoteni, akaondoka zake bila mzigo. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na sikujificha.

Sitadanganya kwamba wateja walirudi kwa mafuriko. Kioo bado anajaza. Mimi nilichukua rangi ileile nyekundu ya baba nikaandika mlangoni: HATUNA MPYA. ZA ZAMANI ZINAWAKA. Wakaanza kuja wale wasio na hela, ambao huuona mlango wa kioo na kuupita, na wakimaliza kucheza wananunua barafu kwa mama. Baba hakunisemesha siku kadhaa. Kisha siku moja akaniletea pedi aliyoitengeneza upya, vitufe vyote vimekaza, akaniwekea mapajani bila neno. Nikajua yameisha.

Jumapili iliyofuata mchana, chumba kikiwa na vijana wachache, mama akasogeza pazia akaingia. Akakaa kwenye benchi karibu na baba, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

Baba akampa pedi. Akamwonyesha kitufe cha kupiga mpira na cha kukimbia. Mama alikimbia na mpira akautoa nje, akapiga penalti juu, mara mbili akajifunga mwenyewe. Vijana walishindwa kujizuia, na mama mwenyewe akacheka kuliko wote. Mpira ukaisha, baba mabao saba, mama hakuna kitu. Kijana aliyefuata kwenye zamu akainuka kusogea benchini.

Baba akaonyesha ukuta kwa bisibisi. "Umefungwa, mama watoto. Pisha."

Mama akayasoma yale maandishi mekundu, polepole, kama ndiyo kwanza anayaona. Pedi hakuiachia.

"Mimi kwenye nyumba hii nimepisha mara tatu, na nilikuwa hata sichezi," akasema. "Leo nacheza. Sipishi."

Baba akautazama ukuta wake, akamtazama mkewe, kisha akamwashiria yule kijana akae chini angoje.

"Washa tena," mama akasema.

Baba akawasha.