Nivae Nisikie Nini?

Mke akikusumbua kila siku unaona ni taabu, mpaka aende. Mzee Ndegwa wa Ngoingwa alijua hivyo tangu mkewe Wamboi aende Kimbo kumsaidia Maggie, binti yao, aliyezaa kijana wa pili. Na unajua kwa Wakikuyu kijana wa pili hupewa jina la baba ya mama. Kwa hivyo huko kuna Ndegwa mdogo anapakatwa, na huku Ndegwa mkubwa anajichemshia chai inamwagika.

Masikio yake yalikufa kitambo, akawekewa mashine: kipande ndani ya kichwa, kingine nje, kinashikwa na sumaku. Siku hizi haendi Nairobi kuangaliwa. Daktari Nekoye anapiga simu, sauti inaingia moja kwa moja kwa mashine, na anairekebisha akiwa huko huko ofisini.

Leo Ndegwa alikuwa na mpango. Akishindwa kusikia maneno ya daktari, Wamboi ataitwa arudi amsaidie.

"Rudia, mzee: sufuria."

"Sijasikia."

"Kuku."

"Hata hiyo sijasikia."

"Sasa kama husikii, unanijibu aje?"

Ndegwa akakuna goti.

"Na mashine imeniambia siku hizi unaivaa kidogo tu," Nekoye akasema. "Kwa nini?"

"Nyumba imenyamaza, daktari. Nivae nisikie nini? Friji?"

"Sikio hili lisipozoezwa linasahau. Mama atarudi, na sauti yake itakuwa kelele tu kwako."

Akampigia Wamboi, akamweleza, kisha akamwingiza kwa simu.

"Baba Maggie, umekula?"

"Githeri ya jana."

"Ya jana ama ya juzi? Na naambiwa unajifanya kiziwi."

"Miaka yote nikiwa kiziwi kweli hukulalamika."

Wamboi akacheka. Neno "rudi" lilikuwa mdomoni mwa Ndegwa kabisa. Halafu nyuma ya Wamboi kitu kikaanza kulia, chembamba.

"Hiyo ni nini?"

"Ni wewe. Hunyamazi, na Maggie bado hajapata nguvu."

Ndegwa akasikiliza. Lile neno akalimeza.

"Kaa naye basi," akasema. "Lakini usikate simu. Iweke tu kwa meza, mfanye kazi zenu."

Nekoye akatoka kwa laini polepole. Huko Kimbo maji yakamwagwa, Wamboi akaambia mtu afunge mlango. Ndegwa akavuta kikombe, akanywa chai yake baridi, mashine iko sikioni.